Bastola Moja ya Mjini na Porini: Majibu kwa Wanaosisitiza Kubwa Zaidi

Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, kuanzia Colorado hadi Alaska, mtu huweza kutoka ofisini Ijumaa jioni, na alfajiri ya Jumamosi akawa kwenye njia ya mlimani wanakopita dubu. Wengi wa wakazi hao hawataki bastola mbili, au hawazimudu. Wanataka moja ya kuchomeka kiunoni chini ya shati siku za kazi, na hiyo hiyo iwe ya kwenda nayo kuvua samaki na kupiga kambi. Miongoni mwao sasa wamo wasemaji wenzetu wa Kiswahili: Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi Idaho na Montana, Wakenya na Watanzania waliofuata vyuo na kazi. Wengi wao hawakuwahi kushika bastola walikotoka, maana kwetu silaha hiyo huwa mikononi mwa polisi, wanajeshi na raia wachache wenye leseni.

Mtu huyo akiingia dukani kuomba ushauri, hupewa majibu kwa uhakika mkubwa sana. Baadhi ni ya uongo mtupu. Mengine yana ukweli ndani yake lakini nusu ya pili imeachwa, na hayo ndiyo yenye madhara zaidi, kwa kuwa anayeyatoa huwa na kisa cha kweli cha kuyashikiza. Nataka kuyajibu moja moja, kwa sababu anayekosea hapa hapotezi fedha tu.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwa walio wengi, bastola hiyo moja ni ya milimita 9, ya ukubwa wa kati, inayobeba risasi 15 hivi: Glock 19, Smith & Wesson M&P Compact, au CZ P-10 C, ambayo hutoka katika kiwanda kile kile cha Ucheki ambacho Wakenya wanaijua bastola yake ya polisi kwa jina la Ceska. Zipo zenye nguvu kuizidi na zipo zinazofichika kuizidi. Hii ndiyo mtu ataivaa kweli Jumanne ya kawaida, na ndiyo ataweza kuilenga kweli mikono ikitetemeka.

“Milimita 9 haimsimamishi mtu”

Dai hili lina kisa chake, na kisa ni cha kweli. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walikabiliana barabarani na majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, waliuawa, na wengine watano wakajeruhiwa. Mapema katika mapambano hayo risasi moja ya milimita 9 ilimpiga Platt mkononi, ikapenya hadi kifuani, ikakwama kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lile lilikuwa la kumuua, lakini halikumzuia kuendelea kupiga risasi kwa dakika kadhaa. FBI ikailaumu risasi. Ikahamia kwenye kaliba ya milimita 10, kisha kwenye .40 S&W iliyotoka mwaka 1990, na idara nyingi za polisi nchini zikafuata.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Hawasemi kwamba Platt alikuwa na bunduki ndefu, Ruger Mini-14, wakati maofisa wengi walikuwa na rivolva (bastola za silinda inayozunguka) na bastola za magazini tu. Wala hawasemi kilichotokea baadaye. Baada ya Miami, FBI iliweka kipimo kipya: risasi hupigwa kwenye jeli maalumu inayofanana na nyama, nyingine zikipitishwa kwanza kwenye nguo nzito, mbao, bati au kioo cha gari, na inatakiwa kupenya kati ya sentimita 30 na 46. Watengenezaji wakalazimika kuiunda upya risasi ya milimita 9 ili ifaulu mtihani huo. Ikafaulu. Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI ikaandika sababu za kurudi kwenye milimita 9: risasi za kisasa za kaliba zote kuu za bastola hufanya kazi karibu sawa, maofisa hulenga vizuri na kwa haraka zaidi kwa milimita 9, na magazini hubeba risasi nyingi zaidi. Mwaka 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani likachagua bastola mpya, SIG Sauer P320 iliyopewa jina la M17, nayo ni ya milimita 9.

Tusidanganyane kuhusu jinsi risasi ya bastola inavyofanya kazi. Hakuna bastola inayomrusha mtu nyuma kama kwenye filamu. Mtu husimama papo hapo risasi inapogusa ubongo au uti wa mgongo. Vinginevyo husimama kwa kupoteza damu, na hilo huchukua muda, au kwa kuamua mwenyewe kwamba yametosha. Kwa hiyo maswali ni mawili tu: imeingia wapi, na imefika kina gani. Upana wa tundu uko nyuma sana ya hayo.

“Porini bila .44 Magnum umejipeleka kufa”

Hili ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu wanunue bastola watakayoiacha nyumbani.

Risasi ya .44 Magnum ilitolewa na Smith & Wesson katikati ya miaka ya 1950, kwa kusukumwa sana na mwandishi na mwindaji Elmer Keith, na filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971 ikaieneza duniani. Ni risasi nzuri ya kuwindia. Tuziangalie namba. Nguvu ya milimita 9 inapotoka mtutuni ni kama joule 500. Ya .357 Magnum ni 700 na kitu. Ya milimita 10 iliyojazwa sawasawa hukaribia 850, na ya .44 ni kama 1,300. Hapo mwenye duka hunyamaza, kana kwamba hesabu imekwisha. Haijaisha. Bunduki ya kawaida ya kuwindia swala, ya .30-06, hutoa karibu joule 4,000. Anayeidharau milimita 9 kwa sababu ya joule aipeleke hesabu yake hadi mwisho: atalazimika kuidharau .44 pia na kubeba bunduki ndefu. Mbele ya dubu mkubwa bastola zote ni dhaifu. Ukishalikubali hilo, utaacha kununua faraja na utaanza kununua uwezekano wa kupiga mahali panapostahili.

Sasa pima muda. Dubu wa kahawia akija kwa kasi hufika kilomita 50 na zaidi kwa saa, yaani mita 14 au 15 kwa sekunde. Akitokea kichakani mita 30 mbele yako, una sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo unatakiwa umwone, uelewe kwamba haji kukutisha tu, ufikishe mkono kwenye bastola, uitoe, uielekeze na ufyatue. Aliyezoea sana hutumia sekunde moja na nusu kutoa bastola na kupiga risasi ya kwanza akiwa ametulia uwanjani. Kinachobaki ni nafasi ya risasi moja, labda mbili, tatu kwa mwenye bahati. Hapo bastola inayorudi haraka kwenye shabaha ina thamani kubwa.

Mwangalie mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza .44 nyepesi, ile aliyouziwa kwa sababu “haitakuchosha kuibeba”. Smith & Wesson 329PD, kwa mfano, ina uzito wa gramu 700 hivi. Risasi ya kwanza inaupandisha mtutu juu ya paji la uso wake na kuibana ngozi iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Risasi ya pili anaishika bastola kwa hofu. Ya tatu, kabla triga haijafika mwisho, mtutu unainama wenyewe, kwa kuwa mkono umeshajua kinachokuja. Karatasi ya shabaha iko mita saba tu, na matundu yako chini, mengine nje kabisa. Baada ya kasha moja la risasi anaifunga na kusema imetosha. Kwa bei ya risasi moja ya .44 angepata tatu au zaidi za milimita 9, kwa hiyo hata anayevumilia maumivu hafanyi mazoezi ya kutosha.

Ushahidi wa porini nao upo. Mwaka 2012 Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, pamoja na Stephen Herrero na wenzao, walichapisha uchunguzi wa matukio 269 ya watu wenye silaha kukutana na dubu Alaska kati ya 1883 na 2009. Bastola zilifanikiwa kumzuia dubu katika asilimia 84 ya matukio yao, bunduki ndefu asilimia 76. Matukio ya bastola hayakuwa mengi, kwa hiyo sitaki mtu aseme bastola ni bora kuliko bunduki ndefu. Ninachokiona ni kwamba ukubwa wa silaha peke yake haukuamua nani atoke salama. Watafiti hao waliona kwamba kilichowakwamisha watu ni kukosa muda, kutokuwa na silaha tayari mkononi na kukosa shabaha.

Kuna pia kisa cha mwaka 2016. Phil Shoemaker, kiongozi wa wawindaji anayeheshimika sana Alaska, alikuwa na wageni wake wanakwenda kuvua samaki, dubu wa kahawia alipowarukia. Alimuua kwa bastola ya Smith & Wesson ya milimita 9. Alikuwa nayo .44, lakini siku hiyo alichukua ile nyepesi. Wapo waliokigeuza kisa hiki kuwa sheria, na wao nawapinga vilevile. Mwaka 1953 huko Alberta, Kanada, mwanamke wa Kikri aitwaye Bella Twin alimuua dubu mkubwa kwa bunduki ya .22, na hakuna mwenye akili anayependekeza .22 kwa dubu. Nachukua jambo moja tu kwa Shoemaker: aina ya risasi aliyotia. Hakutia ile yenye tundu kichwani, ambayo hutanuka ndani ya mwili na inafaa mjini kwa sababu kwa kawaida haitokei upande wa pili ikampata asiyehusika. Alitia risasi nzito, ngumu, ya kusubu, yenye kichwa bapa, ambayo hupenya mafuta na misuli na mfupa bila kutanuka. Mwenye bastola moja anaweza kuwa na magazini mbili: ya mjini na ya porini. Asome tu kitabu cha bastola yake. Glock huonya dhidi ya risasi zisizovikwa shaba, basi mwenye Glock atafute nzito zenye kichwa bapa zilizovikwa shaba.

Nakubali pia kwamba upo mpaka. Kikosi cha Sirius cha Denmark, kinachozunguka Greenland kwa sleji za mbwa, hubeba Glock 20 ya milimita 10 kwa ajili ya dubu wa ncha ya kaskazini, na wale ni watu wanaokutana na dubu kwa kazi. Anayeishi kisiwani Kodiak, au kwenye mito ya samoni ya pwani ya Alaska, na aliye tayari kulipia risasi na mazoezi, achukue milimita 10 kwa moyo mweupe. Yule wa Denver anayepanda milima mara moja kwa mwezi, katika jimbo lenye dubu weusi tu ambao kwa kawaida hukimbia wakisikia sauti ya mtu, hana sababu ya kuiga maisha ya Kodiak.

“Rivolva haikwami”

Rivolva hukwama. Katika rivolva nyepesi yenye risasi kali, teke la kila risasi huzivuta mbele zile ambazo hazijapigwa, mojawapo ikachomoza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Chembe za baruti ambayo haikuungua zikiingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda, silinda haifungi tena. Fimbo ya kusukumia maganda ikilegea, silinda haifunguki. Tofauti ni hii: bastola ya magazini hukwama mara nyingi zaidi, lakini hukwamuka kwa pigo la kiganja chini ya magazini na mvuto mmoja wa slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma. Rivolva ikikwama mara nyingi huhitaji meza na bisibisi, na dubu hasubiri.

Lakini rivolva ina sifa moja ya kweli ambayo wapinzani wake huificha. Ukiangushwa na mnyama akawa juu yako, ukamgandamiza mtutu mwilini, slaidi ya bastola ya magazini hurudi nyuma kidogo na bastola inakataa kupiga. Rivolva itapiga. Aliyekwisha kuizoea rivolva ya .357 yenye mtutu wa inchi nne, anayepiga vizuri kwa triga yake ndefu, asiiuze kwa sababu yangu. Anayeanza leo ndiye namwambia: risasi tano au sita, triga nzito, na kutia risasi upya kwa taabu, si njia rahisi ya kuanzia.

“Chukua ndogo kabisa, ndiyo hutaiacha nyumbani”

Hapa wamegusa jambo la maana, kwa kuwa bastola iliyoachwa kwenye droo haimsaidii mtu. Ruger LCP ya mwaka 2008 ina gramu kama 270 na inaingia mfukoni. SIG Sauer P365 ya mwaka 2018 iliingiza risasi 10 za milimita 9 ndani ya bastola ndogo sana, na baada yake kila kiwanda kikatengeneza ya kwake. Kwa anayevaa nguo nyepesi mjini na asiyetoka kwenda porini, P365 ni jibu zuri.

Lakini swali letu ni bastola moja kwa kazi zote. Jaribu kuishika ile ndogo kwa vidole viwili na nusu, siku ya baridi, umevaa glovu. Mtutu wake mfupi hupunguza mwendo wa risasi, na umbali mfupi kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele huongeza kila kosa la mkono. Teke lake ni kali kuliko la Glock 19, kwa hiyo mazoezi yanachosha mapema. Kinachoifanya bastola ya ukubwa wa kati ivalike ni mkanda mgumu na holsta inayoshika vizuri, vitu ambavyo wanunuzi wapya huvifikiria mwisho kabisa wakiwa wameshamaliza fedha.

Na hapa kuna jambo ambalo maduka ya mjini hulisahau. Mkoba wa mlimani, ule wa kubeba hema na chakula, una mkanda mpana unaofungwa kiunoni ili uzito ukae kwenye nyonga. Mkanda huo hupita juu kabisa ya mahali ilipo holsta. Mtu amefunga mkoba, amevaa koti la mvua juu yake, na bastola imezikwa chini ya tabaka tatu. Kuifikia lazima afungue zipu, alegeze bizimu na kuingiza mkono. Ndiyo maana wavuvi na waongozaji wa Alaska huvaa holsta ya kifuani, yenye mikanda inayopita begani na mgongoni, kipini cha bastola kikiwa kimelala mbele ya mbavu. Hapo mkono unakifikia ukiwa umefunga mkoba, ukiwa umeketi kwenye mtumbwi, au ukiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Kabla ya kubishania kaliba, nunua holsta mbili: ya kiunoni na ya kifuani. Fanya mazoezi ya zote ukiwa umevaa mzigo wako wote, bastola ikiwa tupu na umeikagua mara mbili.

“Ukiwa na bastola, dawa ya pilipili ya nini?”

Ya kukuokoa. Uchunguzi mwingine wa Smith na Herrero na wenzao, uliochapishwa mwaka 2008, ulichambua matukio 83 ya Alaska ambamo watu walitumia kopo la dawa ya pilipili. Ilikomesha tabia isiyotakiwa ya dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na dubu weusi asilimia 90. Kati ya watu waliokuwa nayo walipokaribiana na dubu, asilimia 98 hawakujeruhiwa. Kwa nini? Dawa hutoka kama wingu. Haidai ulenge kitu chenye ukubwa wa sahani kinachopanda na kushuka kwa kasi ya gari. Unaliweka wingu kati yako na dubu, naye anaingia ndani yake.

Wanaopinga hutaja upepo na baridi. Upepo ni tatizo la kweli, ila katika matukio hayo uliingilia mara chache, na hata hapo dawa ilimfikia dubu. Wanapaswa kutaja jingine: kopo lazima liwe la dubu, lililosajiliwa na shirika la serikali la mazingira, EPA, lenye kiini cha pilipili kati ya asilimia 1 na 2. Kile kikopo cha kwenye ufunguo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu hakitoshi. Kopo likae mahali mkono unapofika, kwenye mkanda au kwenye mshipi wa begani, lisizikwe ndani ya mkoba. Ukisafiri kwa ndege, kumbuka kwamba haliruhusiwi kabisa, hata kwenye mizigo ya chini, ilhali bastola iliyotangazwa na kufungiwa ndani ya kasha gumu huruhusiwa. Ununue kopo ukifika.

Bastola basi ni ya pili. Ni ya pale dawa iliposhindwa, au aliyekujia ni mtu.

“Ghali ndiyo ya kuaminika”

Hapana. Bastola za polisi na za majeshi nyingi ni za bei ya kati, na hupigwa maelfu ya risasi bila tabu. Ukiwa na dola 1,200, usizitie zote kwenye bastola. Nusu itoshe kuinunua, na nusu iende kwenye holsta, risasi za mazoezi, kopo la dawa, kasha la kufungia na siku moja au mbili kwa mwalimu.

“Katiba inaniruhusu, basi yamekwisha”

Kwa wasomaji wetu wahamiaji hili ndilo dai la hatari kuliko madai yote, na linastahili jibu la polepole.

Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya majimbo hayadai tena kibali cha kubeba bastola kwa kuficha, na kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ilibatilisha sharti la New York la mwombaji kuthibitisha sababu maalumu. Lakini sheria ya shirikisho humkataza kumiliki silaha au risasi mtu asiye na kibali cha kuishi nchini, na pia wengi walioingia kwa viza za muda kama za masomo au utalii, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Mwenye green card anaruhusiwa. Hata hivyo, ruhusa ya kumiliki si ruhusa ya kubeba. Sheria ya Idaho ya kubeba kwa kuficha bila kibali, kwa mfano, imeandikwa kwa ajili ya raia wa Marekani na wanajeshi walio kazini. Mkongomani wa Boise mwenye green card asimwige jirani yake mzaliwa wa pale. Aombe kibali. Na ajue kwamba kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha nchini hata baada ya miaka mingi ya kuishi kwa halali.

Mipaka nayo ni mingi. California na New York haziruhusu magazini ya zaidi ya risasi 10, Colorado ni 15, kwa hiyo magazini ya kawaida ya Glock 19 iko ndani ya sheria Denver na nje ya sheria Los Angeles. Tangu Februari 2010 mtu anaweza kuwa na bastola ndani ya hifadhi za taifa kwa kufuata sheria ya jimbo, ila si ndani ya majengo ya serikali yaliyomo humo, kama vituo vya wageni, na ruhusa ya kuwa nayo si ruhusa ya kuipiga. Anayetaka kuendesha gari kwenda Alaska atapita Kanada, na Kanada kwa kawaida haimruhusu mgeni kupita na bastola ya kujilinda na wanyama. Bunduki ndefu ya kuwindia huweza kuingia kwa kutangazwa mpakani na kulipiwa.

“Bastola iliyofungiwa haina faida”

Anayesema hivi humfikiria mwizi wa usiku wa manane. Hamfikirii mtoto wa miaka minne, wala kijana wa miaka kumi na saba aliyefeli na kukata tamaa, wala yeye mwenyewe siku mbaya. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Zaidi ya nusu. Katika jamii zetu, ambako mtu hufunga mdomo kuhusu huzuni yake na wazazi huambiana kwamba vijana watazoea tu, takwimu hiyo naiona ni onyo kwetu moja kwa moja. Kama ndani ya nyumba kuna mtu anayepita kipindi kigumu, bastola itoke kwanza, ihifadhiwe kwa ndugu anayeruhusiwa kisheria au mahali pengine salama, hata kama waliobaki watakosa kinga kwa muda.

Kwa siku za kawaida jibu lipo na si la gharama. Kasha dogo la chuma lenye vitufe vya namba, lililofungwa kwa boliti kwenye fremu ya kitanda au ndani ya kabati, hufunguka kwa sekunde chache gizani kwa aliyefanya mazoezi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe kufuli au kifaa cha kufungia kwa kila bastola anayomuuzia raia, lakini kufuli la bure la waya ni la kuhifadhia bastola tupu, si la kuweka karibu na kitanda. Kambini, bastola ilale ndani ya holsta yake yenye kufunika triga, mahali pamoja panapojulikana ndani ya hema, isiwe chini ya mto wala ndani ya blanketi. Na isiachwe ndani ya gari usiku, hata gari likiwa limefungwa kwenye maegesho ya njia ya mlimani: wezi wanajua wanaopanda milima hurudi kesho yake.